Mstari Ulioinama wa Mama Émerence

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na ugonjwa wangu unajulikana Kamina nzima: nikiona kosa, mkono unatafuta biki nyekundu, hata kama kosa lenyewe liko kwenye tangazo la msiba. Wanafunzi wananiita Madame Biki na wanafikiri sijui. Ninaanza na hilo kwa sababu safari ninayotaka kuwasimulia niliiharibu mwenyewe kwa ugonjwa huo, halafu ikatengenezwa na bibi mmoja ambaye hajawahi kushika kalamu.

Shule yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubile ya miaka hamsini. Komite ikataka chumba kimoja kipambwe kwa kazi za mikono za mkoa wetu. Mwenyekiti wa komite, Monsieur Jessé, mtu anayependa neno authentique, yaani cha asili, kuliko anavyopenda nyama, akasema mikeka lazima itoke kando ya ziwa Kisale. Ya plastiki ya sokoni hataki kuiona. Alikuwa ameshampigia simu fundi mmoja huko na kuagiza mikeka sita, ila mtu wa kwenda kuichukua alikosekana. Likizo ya Pasaka ilikuwa imeanza, nikasema nitaenda mimi. Wakanisifu kwa moyo wa kujitolea. Ukweli ni kwamba nilitaka tu kutoroka kwaya tatu za mtaani kwetu, ambazo hufanya mazoezi kwa wakati mmoja, kila moja na wimbo wake.

Kabla sijaondoka Jessé alinikabidhi mkeka wa marehemu mama yake, uliosukwa huko huko ziwani zamani za reli nzuri. Ulikuwa umefifia lakini hakuna hata ufito mmoja uliokatika. Mistari myeusi ilisimama juu yake wima, imenyooka kama mistari ya daftari. "Kila mukeka ifanane na hii, Madame," akaniambia. "Kama haifanane, usiichukue." Alimwambia mtu sahihi.

Siku mbili za pikipiki hadi Kinkondja zilinipa maumivu ya kiuno ambayo ninayo hadi leo. Pale Kinkondja samaki wamelala juani kila mahali, juu ya vichanja, juu ya paa, na nguo zangu zilichukua harufu yao papo hapo. Kutoka hapo unapanda mtumbwi, unaingia katikati ya mafunjo marefu kuliko nyumba, na baada ya muda husikii tena injini wala redio. Kijiji chenyewe sitakitaja. Mtakimbilia kule na simu zenu kupiga picha, na watu wale hawajaniomba niwaletee wageni.

Nilidhani nitachoka na ule ukimya siku ya kwanza tu. Sikuchoka. Karibu kila mlango kulikuwa na mwanamke ameketi, miguu ameinyoosha mbele, na mkeka unakua kutoka magotini kwake kwenda mbele. Wanakata mafunjo asubuhi, wanachuna ganda la nje kwa kisu kifupi, wanalichana liwe fito nyembamba kama utambi, kisha sehemu yake wanaizika kwenye tope jeusi la kinamasi siku nne ili ishike rangi. Ukipita unasikia visu tu, na mara moja moja mtu anacheka. Mimi ninayepiga kelele kwa ajili ya mishahara ya serikali tangu Januari hadi Desemba, nilitembea pale nikijikuta nashusha sauti bila kuambiwa na mtu.

Fundi wetu alikuwa Mama Émerence. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu, mwenye vidole ambavyo ukivitazama sana unasahau kumtazama usoni. Nilipojitaja, Naomie Tshibangu, aliacha ufito aliokuwa ameshika. Jina kama langu halihitaji kuulizwa nyumbani kwao ni wapi. Akanisalimu kwa Kiluba cha Kasai, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani: "Moyo webe, muanetu," yaani salamu, ndugu yetu. Nikaitika. Kumbe na yeye ni mtu wa Kasai, pale katikati ya maji, na mimi sikutegemea.

"Jioni ntakuelezea," akasema. "Sasa ukule kwanza."

Alinieleza wakati tunakula samaki na bukari, ugali wa kwetu, mumewe Noé akiwa ameketi pembeni anatengeneza wavu na kuongeza neno moja moja pale mkewe alipopitiwa.

Mwaka wa tisini na mbili alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliishi Luena, mume wake wa kwanza akiwa karani wa reli, jina lake Badibanga. Yeye alikuwa akinunua samaki wakavu Kinkondja na kuuza Luena. Alikuwa huku ziwani na vikapu vyake viwili wakati habari zilipofika kwamba watu wa Kasai wanafukuzwa Katanga, nyumba zinachomwa, na kwamba mtaa wao wote wa Luena umeshapakia vitu kwenda kungoja treni. Njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Alikaa juu ya vikapu vyake ufukoni siku nzima. Ndipo mama mmoja aliyekuja kuuza mikeka akamuuliza kwa nini hajasogea tangu asubuhi, akamsikia anavyosema, akaelewa. Hakumuuliza neno lingine. Alimwambia apande mtumbwi.

Huyo ndiye Bilonda. Sasa wanamwita Nkambo Bilonda, kama tunavyowaita bibi zetu huku. Alimleta kijijini na kuwaambia watu kuwa ni mtoto wa dada yake wa kule Mulongo, mwenye haya, asiyependa kusema. Haya ya kupangwa, maana Kiluba cha Kasai na Kiluba cha Katanga ni ndugu, lakini mtu akifungua kinywa unajua amezaliwa upande gani. Basi Émerence alifunga kinywa, na Bilonda akampa ufito.

"Miezi munane, muanetu, sikusema kitu. Nilisuka tu, paka kusuka. Aliniambia: ukifunga kinywa bila kazi, bantu batauliza. Ukifunga kinywa na kazi, batasema ule iko na bidii."

Miaka minne baadaye habari zilimfikia kwamba Badibanga alifika Mwene-Ditu salama na ameoa. Nilimtazama nione kama bado inauma. Alicheka. "Nilimulia ile miaka yote ine, na yeye alikuwa anakula ndoa!" Noé naye akacheka, cheko la mtu aliyeisikia hadithi hii mara mia na bado inampendeza mwisho wake. Amani iliporudi, watu wakampa Émerence ruhusa ya kwenda kwao. Alifika hadi kituo cha Kamina, akakaa nusu saa, akarudi. Alisema kwamba pale kituoni alikumbuka ameacha mkeka haujakamilika.

Nami nina habari zangu na kituo cha Kamina. Mwaka ule ule nilikuwa na miaka kumi na moja, tulilala pale wiki tano, mimi na wazazi na kaka zangu, tukingoja behewa la kwenda Kasai; kurudi kulikuja miaka baadaye. Hakuna mtu aliyetuambia tupande mtumbwi. Simsemi mtu vibaya. Ninasema tu kilichonipita moyoni usiku ule nikiwa nimelala juu ya mkeka wake, na kwamba nilimwonea wivu.

Asubuhi ndipo nikafanya kazi iliyonileta.

Mikeka sita ilikuwa imekunjwa tayari, akaitandaza uani mmoja mmoja. Ilikuwa mizuri kiasi kwamba nilisahau biki yangu. Weusi wa tope, weupe wa mafunjo, ukingo uliofungwa kwa ustadi hata huoni mwanzo wake wala mwisho. Halafu nikatandaza wa mama yake Jessé pembeni, na macho yangu yakaona. Kwenye mkeka wa zamani mistari imesimama. Kwenye ya Mama Émerence, mistari imeinama. Yote, kwa kipimo kile kile, inapanda upande mmoja kama moshi wa jikoni upepo ukiupuliza kidogo. Nikageuka kutazama mikeka mlangoni kwa jirani. Imeinama. Kwa jirani wa pili. Imeinama.

Sikusema kitu, na hilo peke yake ni muujiza. Niliketi karibu naye akiendelea na kazi nikatazama midomo yake. Miaka ishirini na mbili darasani imenifunza jambo moja: mtoto unaweza kumfundisha hesabu kwa Kifaransa mpaka uchoke, akihesabu peke yake anahesabu kwa lugha ya mama yake. Unaona midomo inacheza. Midomo ya Mama Émerence ilicheza. Moja, mbili, tatu, kwa Kiluba cha Kasai, nne, tano, sita, muanda mutekete, na pale anaingiza ufito mweusi. Anaanza tena.

Muanda mutekete. Kwetu Kasai hiyo ni saba. Muanda mukulu ndiyo nane. Tuna muanda mbili, mdogo na mkubwa. Lakini watu wa Katanga wana mwanda moja tu, na mwanda yao ni nane.

Nikaelewa yote kwa mara moja, kama hesabu inayofunguka yenyewe, na furaha ile ya kipumbavu ya mwalimu ikanipanda kichwani.

"Mama Émerence!" nikasema. "Bilonda wakati alikufundisha, alikuambia weusi uingie ku ngapi?"

"Ku mwanda," akajibu bila kuinua macho.

"Mwanda ya hapa ni nane! Weye unahesabu saba. Safu moja iko nane mara nane, na hesabu inavuka safu bila kukatika. Ukihesabu nane, weusi unakaa juu ya weusi, mustari unasimama. Ukihesabu saba, kila safu inakimbia hatua moja. Angalia huu wa zamani. Mama, umekosea tangu tisini na mbili!"

Nilisema hivyo nikicheka. Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka.

Vidole vyake vilisimama. Alivuta mkeka wa mama yake Jessé, akapitisha kidole juu yake, akihesabu kwa sauti sasa, kwa Kiluba cha hapa. Nane. Safu ya pili, nane. Safu ya tatu. Mwanamke huyu sokoni anahesabu samaki kwa Kiluba cha Katanga bila kukosea hata mkia mmoja, kwa miaka thelathini. Lakini mkeka alijifunza wiki ya kwanza, akiwa na hofu, kinywa kimefungwa, na hesabu ya wiki ile ilikuwa imebaki mikononi mwake peke yake. Hakuwahi kuitoa nje aiangalie.

"Batoto banamuke ya hii kijiji yote," akasema polepole, "ni minyi nilibafundisha."

"Si kitu, Mama. Ni nzuri hata hivyo."

"Ni kitu." Alikuwa amegeuka rangi. "Bantu banatoka Kamina, banatoka Malemba, banasema banataka mukeka ya Baluba ya ziwa. Minyi nabauzishia kosa ya mugeni. Ile bamama balinificha, balinilisha, na minyi nikabaharibia kazi ya bankambo yabo. Na hakuna mwenye aliniambia. Balinionea huruma, njo juu ya ile balinyamaza."

Nikajaribu kusema hili na lile. Hakusikia. Alichukua kisu akaanza kufumua mkeka aliokuwa akiusuka, safu kwa safu, na mimi ninayejua kusahihisha daftari arobaini kwa kikao kimoja sikujua niuzuie vipi mkono ule. Noé alikuja, akatazama, akanitazama mimi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mwanamke huyu alikuwa ameishi pale miaka zaidi ya thelathini, amezaa pale, amezika mtoto mmoja pale, na kwa sentensi yangu moja nilikuwa nimemrudisha ufukoni juu ya vikapu vyake.

Alifumua hadi jua likawa juu. Kisha akasimama, akafunga kitenge vizuri, akachukua mkeka mmoja wa ile sita na mkeka wa mama yake Jessé. "Naenda kwa Nkambo," akasema. "Nitamuomba musamaha mbele hajafa. Na weye utakuya, juu ni weye uliona."

Nkambo Bilonda aliishi nyumba ya tatu, na haoni vizuri tena. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwa kugusa. Mwembamba, mfupi, na sikio moja limekunjamana kama jani la tumbako. Mama Émerence alipiga magoti, akamwekea mikeka miwili mapajani, mmoja juu ya mwingine, akamweleza kila kitu kwa Kiluba, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu cha watu. Alipomaliza akarudia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, ili nione anavyolipa deni la kosa lake: "Nkambo, nilikosea. Nilisikia saba. Niliharibu mikeka yenu."

Bibi alipapasa mkeka wa juu, halafu wa chini. Akaguna.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu. Ninaona mustari inalala. Nikasema, ule mutoto anahesabu ya kwabo. Kesho nitamuambia."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Bibi alirudisha mkono kwenye maharage. Alikuwa akisema huku anachambua, kama anaeleza bei ya chumvi.

"Ile kesho, balikuya. Bantu na mapanga, mitumbwi mbili. Balikuwa banatafuta bantu ya Kasai ku kila nyumba. Weye tulikutuma ku mafunjo na batoto ile juma yote, haukuona. Mumoja kati yabo, mama yake alikuwa musukaji, upande ya Kinkondja. Alijua kazi. Akaingia mu nyumba yangu, akaona mukeka yako. Akaiinua hivi. Akasema: hii mukono haiko ya hapa. Ni nani anasuka hivi?"



"Nikamuambia, ni minyi. Akasema, suka niangalie. Nikaikala chini. Saba, saba, saba. Vidole vyangu vilikataa, mutoto wangu! Lakini nilisuka. Akaniangalia saa murefu. Akasema: na bengine banasuka namna gani? Nikamuambia: sisi bote ya hapa, siku hizi tunasuka vile. Akasema: nitarudia siku ya Yenga, nitaangalia." Siku ya Yenga ni Jumapili.

"Akarudia?" niliuliza mimi.

"Alirudia. Siku ine zilipita. Nilikuwa nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nikaambia bamama: fumueni. Balifumua yote. Ile yenye ilikuwa imeisha, ile ya harusi, ile ya kuuzisha, bakaanzisha upya. Mwenye hakuweza kumaliza alionyesha kipande yenye alikuwa ameshasuka. Ule muntu alifika, akaingia kila nyumba. Kila mukeka mustari yake inalala. Akapanda mutumbwi, akaenda."

Maharage mabovu aliwatupia kuku. Mama Émerence alikuwa bado amepiga magoti, mikono imelegea mapajani.

"Nani alijua, Nkambo?"

"Bote."

"Bote? Na mama ya Noé?"

"Ule njo alifumua ya kwanza. Ilikuwa ya harusi ya binti yake."

Nilidhani Mama Émerence amemaliza, lakini kulikuwa na swali moja lililobaki, na nilimwona akiliogopa. Hatimaye akaliuliza.

"Lakini vita iliisha, Nkambo. Ile bantu habakurudia tena. Juu ya nini hamukurudilia nane yenu?"

Nkambo Bilonda aliinua uso, akautafuta uso wa Mama Émerence kwa macho yale yasiyoona vizuri. Alionekana anashangaa kwamba mtu mwenye akili anaweza kuuliza jambo kama hilo.

"Turudilie nane?" akasema. "Na weye ungali hapa?"

Mama Émerence alikaa chini pale pale kwenye vumbi la mlangoni, mwanamke wa miaka hamsini na sita, akalia kwa sauti bila kujifunika uso, na bibi akamwacha alie.